Taa ya Kapita

Nilikuwa mtaa wa Bel-Air, ndani ya nyumba ambayo bado haikuwa na paa, napima ukuta wa jiko, simu ilipotetemeka mfukoni. Huwa sishiki simu nikiwa nimeshika mita. Nilimaliza kipimo, nikakiandika, nikapima tena kuanzia upande wa pili kama ninavyofanya siku zote, na vipimo vilipolingana ndipo nikatazama. Namba sikuijua. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa karibu dakika tatu.

Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kusema mbele ya darasa, lakini Kiswahili kilikuwa kile cha Katuba, mtaa wa ujana wetu. Hakuanza na salamu ndefu.

"Maître, uko muzima? Njo mi. Kapita."

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji na kuusikiliza wote. Alisema namba yangu amepewa na mdogo wa wale ndugu wawili tuliocheza nao, ambaye sasa anaishi Kolwezi. Mkubwa alikwisha kufariki. Kapita mwenyewe anafundisha hesabu Mbujimayi, mji wa Kasai. Kila siku ya posho, ndivyo tunavyoita Jumamosi, watoto wa mtaa wake wanakusanyika kwake baada ya chakula cha mchana kucheza mchezo wetu, na amekuwa akiwafundisha kwa miaka kumi na miwili. Kisha akafika kwenye haja yake. Binti yake wa miaka kumi na sita alilazwa kwa malaria, akakosa mchezo mara tatu mfululizo, na kwa mujibu wa kanuni mtu wake wa mchezo amekufa. Binti anakataa. Amekipata kitabu kizima katika intaneti, amekisoma tangu mwanzo hadi mwisho, na anasema kanuni hiyo haimo.

"Nilimwambia ile ya intaneti iko ingine," alisema. "Buku yetu, weye njo uko nayo. Unipigie picha ya page cent douze, nimuonyeshe."

Fundi mwashi aliniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nilimjibu hapana, ni rafiki wa zamani tu. Nilikuwa najua kilichoandikwa kwenye ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Nimekijua kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mchezo wenyewe ulitufikia ndani ya sanduku la karatasi ngumu lenye picha ya ngome kwenye kifuniko. Baba yake Kapita alikuwa fundi cherehani mwenye asili ya jimbo la Kasai, mtu wa kusoma, na wakati ule wageni wengi walipoondoka mjini na kuacha vitu vyao alileta nyumbani katoni ya vitabu iliyotoka katika nyumba ya mwalimu mmoja wa kigeni. Sanduku lilikuwa chini kabisa. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha kanuni kwa Kifaransa, kurasa mia moja na arobaini na nne, na kete nne za maumbo ambayo hatukuwahi kuyaona. Kete ya tano, ya nyuso ishirini, ilikuwa imepotea. Badala yake tulitafuta vifuniko ishirini vya chupa za bia, tukavichora namba kwa msumari, tukavitia ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Kwa asiyeujua mchezo huu: hauna ubao, wala hakuna anayeshinda. Mmoja anasimulia mahali na mambo yaliyopo. Kitabu kinamwita maître, yaani bwana wa mchezo. Wengine, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, ameandikwa kwenye karatasi tuliyoiita fishi, pamoja na nguvu zake na vitu anavyobeba. Unasema mtu wako anafanya nini, na jambo likiwa na mashaka kete inaamua. Mtu huyo anaweza kuishi miaka. Anaweza pia kufa, na akifa amekufa.

Kitabu kilijaa mahandaki chini ya ngome, nasi hatukuwahi kuona ngome. Tulikuwa wanne, watoto na wajukuu wa watu wa reli na wa migodi, na tukiambiwa chini ya ardhi tulijua kitu kimoja tu. Kwa hiyo ngome ikawa ofisi ya mgodi, handaki likawa galeri, na joka la kwenye picha tukalilaza ndani ya maji ya galeri ya tatu. Mchezo tukauita Shimo. Tulicheza katika baraza ya nyumba yao, juu ya meza ambayo baba yake alikatia vitambaa, na kila tulipomaliza tuliokota vipande vya nyuzi kwenye suruali zetu.

Rafiki yangu alichagua kuwa kapita, msimamizi wa wachimbaji. Kitabuni hakuna kapita. Aliniomba ruhusa, nikampa. Mtu wake hakuwa na nguvu nyingi wala silaha ya maana, lakini alikuwa na tabia. Alivua kofia kila alipoingia galerini. Aliwasemesha punda. Na hakutoka shimoni kabla ya kuhesabu watu wake. Mwisho wa kila mchezo, hata tukiwa tumesimama na tunakunja karatasi, aliuliza kwa sauti ya yule kapita, nzito kupita umri wake:

"Tuko bangapi?"

Nasi tulipaswa kujibu wote pamoja: "Bane!" Mkubwa wa wale ndugu alikuwa akijibu "Bane na punda," na tulicheka kila mara, ingawa alilisema kila mara.

Mimi nilikuwa maître. Shule zilikuwa zimefungwa kwa miezi mingi, na zilipofunguliwa mimi sikurudi. Niliishia mwaka wa nne wa sekondari. Kitabu kile kilikuwa shule yangu ya pili. Nilikinakili chote kwenye madaftari matatu, neno nisilolijua nikilipigia mstari mwekundu hadi nilipate. Nilijifunza kuchora ramani za galeri kwenye karatasi ya miraba, kwa kipimo kilekile kutoka ukurasa hadi ukurasa, na kazi ninayofanya leo ya kuchora plani za nyumba ilianzia hapo. Rafiki yangu angeweza kukisoma kitabu vizuri. Kifaransa chake kilikuwa bora kuliko changu. Ila majedwali yalimchosha. Aliniambia, "Buku ikae kwako," na kikakaa kwangu, ingawa kilikuwa chake.

Nilikuwa makini, na walijua. Wiki moja nilikosea kanuni ya kuanguka kutoka juu, punda wa mdogo wa wale ndugu akafa. Nyumbani niligundua kosa. Siku ya posho iliyofuata, kabla hatujaanza, niliwasomea aya ile, nikasema nilikosea, nikamrudishia punda wake. Mkubwa alisema hajawahi kuona maître anayejishitaki mwenyewe. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Nadhani tangu siku hiyo hakuna aliyeniomba tena nimwonyeshe ukurasa.

Kwa kuwa tulikuwa wachache, nami nilikuwa na mtu wangu, mpiga mishale. Kitabu hakikatazi maître kuwa na mtu wake, lakini hakishauri, na sasa naelewa kwa nini. Mpiga mishale wangu alitembea nyuma ya wenzake, gizani. Mbele alitembea kapita, ambaye katika wiki ya tisa alikuwa ameipata taa isiyozimika. Ilikuwa ndani ya sanduku la chuma chini ya ngazi iliyovunjika. Kete ndiyo iliyoamua aliyeiona, na haikuniona mimi. Nilikuwa nimeichora taa ile mwenyewe pembeni mwa ramani, na kioo chake, na mshikio wake wa shaba. Niliitaka. Sina njia nyingine ya kulisema. Niliitaka taa ya kuandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Kisha ukaja wakati ule watu wenye asili ya Kasai walipoambiwa warudi kwao, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa na hawajawahi kuiona Kasai. Sitasimulia mambo hayo, walioyaona wanayakumbuka. Nitasema tu nilichokijua mimi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Kila jioni alivua kofia na kutuambia hali ya kwenye gare: familia zinalala juu ya mizigo yao, treni haina siku wala saa, na anayeondoka kwenda kuoga anarudi na kukuta nafasi yake imechukuliwa. Kwa hiyo rafiki yangu alipokosa mara ya kwanza, nilijua alipokuwa. Alipokosa mara ya pili, baba alikuwa amemwona kwa macho yake, ameketi juu ya cherehani ya baba yake iliyofungwa ndani ya blanketi, anailinda. Alinitumia salamu kupitia kwa baba. Mara ya tatu hapakuwa na salamu.

Siku hiyo ya tatu tulicheza nyumbani kwetu, juu ya mkeka. Tulikuwa kwenye mlango wa galeri ya tatu na hatukuweza kushuka, kwa sababu taa ilikuwa kwa kapita na kapita hakuwa na wa kumsemea. Mkubwa wa wale ndugu alichoka kungoja. Aliuliza tutafanya nini, tutakaa mlangoni mpaka lini.

Nilifungua kitabu. Nakumbuka nilikifungua kweli na kugeuza kurasa, kana kwamba natafuta. Nikasema kuna kanuni: mtu akikosa mara tatu mfululizo, mtu wake anahesabiwa amekufa, na vitu vyake wanagawana waliopo.

"Page gani?" mkubwa aliuliza. Hakuwa na shaka; alikuwa anachonga penseli.

"Cent douze," nilisema.

Namba ilitoka mdomoni bila kutafutwa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema namba. Nadhani mtu anayesema uongo wa jumla hujiachia mlango, na mimi sikutaka mlango. Kwenye ukurasa huo kuna jedwali la uzito wa vitu: kamba, gunia, shoka, taa. Jicho langu lilikuwa juu yake wakati nasema.

Tuligawana. Mkubwa alichukua kamba na shoka, mdogo akachukua viatu vya kapita na unga wake. Taa niliichukua mimi. Mdogo aliuliza kama si afadhali tumwekee. Nilimwambia kanuni ni kanuni. Wiki ile watu walikuwa wanapita katika mitaa yetu wamebeba milango na mabati yaliyong'olewa kwenye nyumba zilizoachwa wazi. Mimi sikubeba mlango wa mtu. Kwa miaka mingi niliishi na sentensi hiyo kama mtu anayeishi na cheti cha tabia njema.

Siku ya posho ya nne, alikuja.

Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka gare mpaka Katuba. Alivaa mashati mawili, moja juu ya lingine, kwa sababu mizigo ilikuwa imejaa, na kola zote mbili alikuwa amezinyoosha. Alisema mama yake amempa saa mbili. Akatoa fishi mfukoni, imekunjwa mara nne, akaifungua juu ya mkeka na kuilainisha kwa kiganja, akauliza tumefika wapi.

Wale ndugu walinitazama. Nilimweleza. Nilimweleza kwa utaratibu, nikianza na kanuni kisha nikaja kwake, jinsi ninavyomweleza mwenye nyumba leo kwamba ukuta wake umevuka mpaka wa kiwanja.

"Iko mu buku?" aliuliza.

"Iko. Page cent douze."

Kitabu kilikuwa hapo juu ya mkeka, kimefungwa. Mkono wangu ulikuwa juu yake. Aliutazama mkono, akatazama kitabu chake mwenyewe, na hakukigusa.

"Kama weye unasema iko mu buku," alisema, "basi iko mu buku."

Aliomba penseli. Kwenye fishi, chini ya maneno yote aliyoyaandika kwa miezi mingi, aliandika amekufa, kwa herufi nzuri. Aliuliza alifia wapi. Nilimjibu mlangoni mwa galeri ya tatu. Aliliandika hilo pia. Halafu, kwa kuwa alikuwa amepewa saa mbili na hakuwa ametumia hata robo, alikaa pembeni akatutazama tukicheza. Tulishuka galeri ya tatu. Mpiga mishale wangu alitangulia na taa. Kuna wakati mkubwa alisahau jinsi ya kuhesabu pigo la shoka, na rafiki yangu akamkumbusha kwa upole.

Tulipomaliza alisimama, akakung'uta suruali ingawa hapakuwa na nyuzi, na mazoea yakamtangulia:

"Tuko bangapi?"

Mkubwa peke yake, bila kuinua uso, alijibu, "Batatu."

Aliposhika njia ya kurudi nilimfuata hadi kwenye kona, nikamwambia sanduku ni lake, alichukue. Alisema hakuna nafasi, hata vitabu vya baba yake vimebaki. Alisema tena lilelile la zamani, likae kwangu. Treni yao iliondoka siku sita baadaye. Baba ndiye aliyetuambia, akivua kofia.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo nilipokaa juu ya mfuko wa saruji huko Bel-Air. Nilirudi nyumbani, nikashusha sanduku kutoka juu ya kabati. Limefungwa ndani ya plastiki mbili na halina hata alama ya mchwa. Nilifungua ukurasa. Kamba, gunia, shoka, taa.

Ningependa kuandika kwamba nilimpigia saa ileile. Niliandika ujumbe. Nilimwambia toleo letu ni la zamani sana, kwamba katika matoleo ya baadaye kurasa zilipangwa upya na kanuni nyingine zikaondolewa, na kwamba kwa bahati mbaya ukurasa wenyewe umeharibiwa na unyevu, picha haitasomeka. Nilisoma ujumbe mara mbili, nikasahihisha koma moja, nikautuma. Nina miaka hamsini kasoro miwili. Watu wa kazini kwangu huambiana kwamba nikipima mimi hakuna haja ya kupima tena.

Jibu lilikuja haraka, la maandishi. "Asanti, maître. Nilimwambia mutoto: ule mutu habahatishake."

Baada ya siku mbili alinitumia picha. Hakuniomba kitu, alikuwa anajivunia binti yake. Ilikuwa fishi iliyoandikwa kwa wino wa zambarau, imejaa hadi pembeni: mganga wa mitishamba mwenye mbuzi kipofu, mambo mengi kuhusu huyo mbuzi. Chini kabisa, kwa herufi nzuri, msichana alikuwa ameandika amekufa. Baba mtu aliongeza maelezo: alilia kidogo, lakini amekubali, kanuni ni kanuni.

Nilitazama picha ile kazini, nikaitazama nyumbani. Mke wangu aliuliza ninasoma nini kwa muda wote huo. Nilimwambia kila kitu. Alikuwa hajawahi kusikia hata habari ya mchezo. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliuliza msichana ana miaka mingapi, nikamjibu. Akasema, "Basi upige simu," akaenda zake jikoni, na sikumsikia akifanya kitu chochote huko.

Nilipiga Jumatatu saa kumi, saa ambayo nilikadiria shule imekwisha. Alipokea akicheka, akaniita maître, akauliza hali ya Katuba, kama barabara bado ni mashimo. Nilimwambia ni mashimo. Kisha nilisema nilichopaswa kusema, kwa maneno niliyokuwa nimeyaandika kwenye karatasi ili nisiyakwepe.

"Ile kanuni haikukuwa mu buku. Haikukuwaka hata siku moja. Nilibuni."

Upande wa pili nilisikia watoto kwa mbali, na kiti kikiburutwa.

"Ulisema page cent douze."

"Page cent douze iko na uzito wa bintu."

"Uzito wa bintu," alirudia, polepole, kama mwalimu anayerudia jibu la mwanafunzi kabla ya kusema kama ni sawa. "Na unyevu?"

"Hakuna unyevu. Buku iko muzuri."

"Juu ya nini, maître?"

Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika sentensi tatu kwa swali hilo la kwa nini. Zilitaja ujana, na hali ya wakati ule, na kuchoka kwa wale ndugu. Sikuzisoma.

"Nilitaka taa," nilisema.

Alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichotokea puani, nami nilikijua, kilikuwa kilekile cha zamani kwenye meza ya baba yake, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angenitukana. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini.

"Unajua nimeua bantu bangapi na ile kanuni yako?"

Nilisema sijui. Alianza kuhesabu, na nilisikia kwamba anahesabu kwa kukumbuka watoto mmoja mmoja: yule aliyepelekwa kwa shangazi yake, yule aliyekuwa anauza maji, binti yake mwenyewe. Walikuwa tisa. Mmoja, alisema, alikosa mara tatu kwa sababu walikuwa wanamzika mama yake. Alipomaliza matanga alirudi na fishi yake mfukoni.

"Nilimwambia, mi pia balinifanyia hivi na nilikubali," alisema. "Nilimwambia inakomazaka mutu."

Aliniuliza sasa yeye atawaambia nini wale watoto, ambao wengine ni watu wazima, mmoja ni mwalimu kama yeye. Nilijitolea kuwaandikia barua. Niliona haya hata kwa kujitolea, kwa sababu ilinijia kirahisi. Kuandika vizuri ndiko nilikozoea kujificha. Alifikiri kidogo.

"Andika," alisema. "Weka na picha ya ile page. Na uandike kila mutu peke yake. Nitakutumia liste."

Hakuniita maître tena. Tuliagana kwa adabu, akatuma salamu nyumbani kwangu.

Orodha ilifika jioni. Kwa kila mmoja alikuwa ameandika mtu wa mchezo, alichokuwa anabeba siku alipohesabiwa amekufa, na kati ya waliogawana vitu vyake, nani alichukua nini. Ilikuwa imeandikwa kwa mpangilio mzuri sana. Nilielewa kwamba na hilo alijifunza kwangu.

Barua ilinichukua siku tatu. Niliandika mimi ni nani na nilifanya nini, kwamba kanuni ya mara tatu haimo kitabuni wala haikuwahi kuwamo, na kwamba baba yao wa mchezo aliitumia kwa sababu aliniamini mimi. Niliandika kwamba msichana aliyesoma kitabu mwanzo hadi mwisho alisoma sawa. Kisha nikaandika mistari tisa. Mganga wa mitishamba yu hai, na mbuzi wake kipofu. Mvuvi wa Kilwa yu hai, na nyavu zake. Nikaendelea hadi wa tisa, kila mmoja na vitu vyake vyote, nikitaja aliyevichukua na kwamba vimrudie.

Kapita hakuwamo. Nilihesabu orodha mara mbili, nikarudi hata kwenye ujumbe wenyewe kuona kama kuna sehemu ya chini niliyoiruka. Walikuwa tisa tu. Niliandika mstari wa kumi: kapita hai, mlangoni mwa galeri ya tatu, na taa yake, iliyochukuliwa nami. Niliuacha hapo usiku mmoja. Asubuhi niliukata, kwa sababu hakuniomba, na kwa sababu nilijiona nimeshika tena kitabu chake na kuamua nani yu hai.

Niliinakili barua upya bila mstari ule, nikaweka sahihi, nikapiga picha kurasa zote tatu na ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, mwangaza ukiwa mzuri, kila neno linasomeka. Nilizituma siku ya posho kabla ya chakula cha mchana, ili ziwakute watoto mezani. Alama zilionyesha kwamba amezipokea, na baadaye kidogo kwamba amezifungua. Nilikaa na simu mkononi hadi saa ambayo mchezo kwa kawaida huisha, saa ambayo mtu fulani kwenye meza ile huenda anauliza wako wangapi. Haikulia. Nikachukua mita yangu nikaenda Bel-Air, kupima upya ukuta ambao nilikuwa nimeupima wiki iliyopita.